Nyumba ya Vyumba Sita kwa Mtamba Mmoja

Jana hadithi ilipokatika mliniacha njiani, kamba mkononi, mtamba nyuma yangu, na kijiji cha rika langu kikiniangalia mgongo. Hakuna aliyesema kwaheri. Hata mbwa hawakunibwekea.

Kwa asiyekuwapo, nieleze kwa ufupi. Sisi Wanyakyusa, kijana akikomaa hakai tena kwa baba yake. Yeye na wenzake wa rika hujenga kijiji chao, na hula pamoja: leo chungu cha huyu, kesho chungu cha yule. Mimi nilimwimbia Angetile, mkubwa wa rika letu, kwenye ngoma ya msiba, mbele ya wasichana wote:

Angetile wa maneno, nyama wala peke yako,
Kwetu unatoa meno, wafunga mlango wako,
Tukija kwa mkutano, wakalia chungu chako,
Simba gani huyu, jama, mfupa afukiaye?

Watu walicheka mpaka ngoma ikasimama. Kila mtu anamjua mnyama anayefukia mfupa, na simba siye.

Angetile hakunipiga. Angenipiga ingekuwa nafuu. Tangu siku ile hakuna aliyeniita kula. Kwetu kupigwa ni ugomvi tu. Kutoitwa kula ni hukumu.

Sikuomba radhi. Jina langu Lutengano, maana yake amani. Nadhani walionipa jina hilo walinitazama nikiwa nimelala.

Basi nikashuka Mwaya, ziwani.

Wadachi walikuwa bado wanatawala, vita havijafika kwetu, na Mwaya palikuwa mahali pa watu. Meli ya Serikali ikitia nanga, mizigo ilishushwa na wapagazi wakaanza kupanda nayo kwenda Bomani, Tukuyu. Wapagazi, askari, wachuuzi wa chumvi na kaniki, wote walitafuta pa kulala.

Na mimi pia. Nilipata kona katika banda la vyungu la bibi mmoja Mkisi, aitwaye Neli, aliyekuja na mtumbwi kutoka Matema kubadilisha vyungu vyake kwa mpunga.

"Utalala na vyungu," aliniambia. "Havikoromi."

"Wala havisengenyi, bibi."

"Havisengenyi, lakini ukiviegemea vibaya vinapasuka. Kama wewe."

Nilimpenda mara moja. Lakini alikuwa mtu mmoja tu, na mchana kutwa alikuwa sokoni. Nilikula ugali wangu nikikitazama chungu, na chungu kikinitazama kwa mdomo wazi kama mgeni mwenye njaa.

Nilikuwa na mambo mawili tu duniani. La kwanza ni yule mtamba, urithi wa marehemu baba: mwekundu, baka jeupe ubavuni, pembe moja imeinama chini kama inayosikiliza siri. La pili ni Tusekile.

Tusekile alikuwa binti wa Zebedayo, mzee wa kanisa upande wa Ipinda. Mzee yule alinipenda kidogo na kunishuku sana.

"Kijana wangu," aliniambia, "mimi si mlafi. Niletee mtamba huyo mmoja kufungua mlango. Wengine watafuata. Lakini mpunga ukivunwa, ukapurwa, ukawekwa ghalani, na mimi sijaona kwato nyumbani kwangu, nitawasikiliza wengine wanaobisha."

"Baba, nitaleta."

"Ndaga," akasema. Asante. Akaongeza: "Na punguza nyimbo."

Sasa fikirini wenyewe. Mtamba mmoja ningempa, je, wale wengine wangefuata kutoka wapi? Sina baba, sina rika, sina shamba. Ningekuwa mtu aliyefungua mlango akabaki amesimama kizingitini.

Hapo ndipo nilipoisikia habari ya nyumba ya Yotamu.

Ilikuwa nyumba ndefu kando ya njia ya Ipinda, hatua chache kutoka mahali wapagazi wanapofungia mizigo. Vyumba sita, kila kimoja na mlango wake. Kuta za mianzi zimekandikwa udongo, paa nene, ua umefagiliwa. Yotamu aliijenga zamani alipokuwa mnyapara wa wapagazi, akawa anapangisha. Wageni walimlipa kwa chumvi, kwa kaniki, kwa majembe, wenye rupia kwa rupia.

Nyumba kama ile hata kwa ng'ombe watatu usingeipata. Yeye aliiuza kwa mmoja.

"Mmoja?" nilimuuliza.

"Mmoja. Lakini awe hai, na aje upesi."

Alikuwa ameketi uani, jua la Kyela likiwa utosini, jua la kupasua kokoto, naye amejifunika blanketi mpaka kidevuni. Meno yakigongana.

"Una homa, baba."

"Nina homa. Nataka nirudi kwa ndugu zangu ng'ambo. Nyumba sitaibeba kichwani."

Niliona maneno yake yana akili. Mgonjwa huuza rahisi. Lakini mimi si mjinga, na methali naijua: rahisi huvunja upishi. Nikasema, "Nipe nafasi niikague."

"Kagua," akasema. "Kagua hata mende."

Nikaanza na maji. Kila mtu anajua masika ya kwetu: mito ikifurika, kuku hupanda juu ya paa na watu huwafuata. Nikazitazama nguzo, moja baada ya moja, nikitafuta ule mstari wa tope ambao mafuriko huuacha. Haukuwapo. Nyumba ilikuwa imejengwa juu ya tuta, maji yalipita chini yake kwa heshima.

Nikaingia kwenye mchwa. Nikagonga mianzi, nikachokoa kwa kisu. Mizima.

Kisha papasi. Hao ndio niliowaogopa. Nyumba za wapagazi ndiyo makao yao. Hukaa ndani ya vumbi la sakafu, mgeni akilala wanamnyonya, na baadaye homa humwinua na kumwangusha kama mtoto anayecheza na mdoli. Nikamwita Bibi Neli aje na ungo wake.

Tulikwangua sakafu ya kila chumba, tukapepeta vumbi juani. Bibi alipepeta kama anayepepeta mchele wa harusi.

"Umeona?" nikamuuliza.

"Nimeona vumbi."

"Papasi?"

"Hata mmoja." Akaweka ungo chini, akatazama uani, kwenye lile blanketi. Akapunguza sauti. "Sasa niambie, mwanangu wa vyungu. Kama papasi hawamo, yule ameumwa na nini?"

"Homa ya mbu. Homa ni homa."

"Mimi Mkisi, hii si nchi yangu, sisemi sana. Lakini nyinyi Wanyakyusa mna homa yenu moja. Mna pumzi ya watu."

Nikacheka. Nilikuwa nimekaa kidogo kwenye shule ya misheni, na aliyekaa kidogo shuleni hucheka kuliko aliyekaa sana.

Jambo lenyewe wazee wetu hulisema hivi. Mtu akiwakosea majirani, akala peke yake, akapata asigawe, wao hawampigi. Hunung'unika. Huyu ananung'unika kwake, yule kwake, na zile pumzi zao hukutana zikawa upepo wa baridi. Upepo ule humwingia aliyekosa. Atatetemeka juani. Dawa yake si mizizi. Dawa yake ni kuchinja ng'ombe, majirani wale, wafungue mioyo, waseme kwa vinywa vyao: yamekwisha.

"Bibi," nikasema, "nimepekua nguzo, nimepekua mianzi, nimepekua vumbi. Pumzi nitaipekua kwa ungo gani?"

"Ndiyo maana nyumba hiyo ni rahisi," akasema. Akakung'uta ungo wake akaenda sokoni.

Siku ya pili alikuja Hezroni. Katika rika lote, huyu ndiye pekee aliyekuwa bado ananifuata, tena kwa kujificha, kama anayemfuata mke wa mtu. Aliniletea ndizi za kuchoma kwenye jani. Alizunguka nyumba yote, akahesabu milango, akapiga mluzi.

"Milango sita! Karani wa kodi akija si atasema ni nyumba sita?"

"Atakayelipa kodi ni mwenye wageni. Nitakuwa nao."

"Na Tusekile?"

"Ni kwa ajili yake! Huyu mtamba mmoja anakuwa nyumba. Nyumba inazaa. Msimu mmoja wa wapagazi, nampelekea Zebedayo ng'ombe wawili badala ya mmoja."

"Kabla ya mpunga kwisha?"

Nikageuza macho shambani. Mpunga ulikuwa umekwishaanza kugeuka rangi.

Hezroni akaketi juu ya kinu, akaniangalia. "Lutengano. Umeikagua nyumba hii kama mtu anunuaye ng'ombe: meno, kwato, mkia. Lakini ng'ombe huulizwa pia zizi alilotoka. Zizi la nyumba ni majirani. Umewauliza?"

"Niwaulize nini?"

"Waite. Mzee Anyosisye yule wa mgomba wa pili ndiye mkubwa wao. Mwite, waite na wengine, utoe ng'ombe mbele yao. Wakushuhudie."

"Niwaombe ruhusa watu wasionijua?"

"Ndiyo, ili wakujue."

"Nimechoka, Hezroni! Nimechoka kuombaomba watu wanione. Hii nyumba nitainunua kwa ng'ombe wa baba yangu, sitainunua kwa kujikunja."

"Kuna ubaya gani kujikunja kidogo?"

"Muulize Angetile. Wewe ndiye unayekula chungu chake."

Lilinitoka tu. Nililisikia likitoka, kama mtu anavyosikia chungu kikiteleza mkononi.

Hezroni akainuka kwenye kinu. Akakunja lile jani la ndizi, taratibu, akaliweka juu ya kizingiti. Akaondoka. Nilitaka ageuke. Kama angegeuka ningemwita. Hakugeuka, nami sikumwita.

Jioni ile nilienda kwa Yotamu.

"Tuwaite majirani?" nilimuuliza. Niliuliza, jamani. Mnishuhudie kwa hilo.

Yotamu akakohoa ndani ya blanketi. "Majirani hawa wana wivu, mwanangu. Watasema bei ni ndogo, watanitia maneno, tutakesha. Mimi nimezisikia nyimbo zako zinavyoimbwa mpaka huku Mwaya. Mtu wa maneno kama wewe, neno lako na langu si linatosha?"

Nyimbo zangu zinaimbwa mpaka Mwaya! Nani mwingine aliyekuwa ameniambia neno jema tangu nitoke kwetu? Ningempa hata ng'ombe wawili.

Nikamkabidhi kamba. Shahidi wetu alikuwa Bibi Neli na vyungu vyake. Mtamba aligeuka akaniangalia, ile pembe imeinama, kama anayeuliza kama nimesikia vizuri. Yotamu na mkewe wakahamia kwa jirani mmoja kusubiri, alisema, mtumbwi wa kuwavusha.

Nikawa mwenye nyumba.

Nilifagia. Nilikandika upya. Bibi Neli aliniletea chungu kipya, chekundu, bado kina harufu ya moto.

"Hiki ni cha kupikia wengi," akasema. "Usipikie ugali wako mmoja humo, utakichokesha."

Nikakiweka mekoni. Nikakaa uani nikangoja wageni.

Meli ikaja. Wapagazi wakaja na mizigo yao na kelele zao, wakaiona nyumba, wakaelekea kwangu. Moyo ukanipiga. Kisha Mzee Anyosisye akatoka mgombani kwake akiwa na fimbo, mtu mfupi, mpole, mwenye sauti ndogo. Akasimama njiani akawaamkia. "Mmelalaje? Mmesafirije?" Akawaambia maneno machache ambayo sikuyasikia. Wakaitazama nyumba yangu. Wakapita.

Wakalala chini ya majani ya migomba, mvua ikawanyeshea, lakini wakapita.

Meli nyingine, vilevile. Mchuuzi mmoja wa chumvi alifika mpaka mlangoni, akaweka mguu ndani, akautoa kama aliyekanyaga maji ya moto.

"Kuna baridi humu," akasema.

"Baridi gani? Ni jua kali!"

"Ndiyo," akasema, "ndiyo maana naogopa."

Nilikuwa na vyumba sita na nafsi moja. Nikawa nalala leo chumba hiki, kesho kile, ili kisiwepo chumba cha kuniambia nimekibagua. Nilikohoa ili nisikie mtu akikohoa. Upande wa pili wa migomba nilisikia majirani wakiitana: njoo, ugali umeiva, leta mboga, we mlafi, sogea! Vicheko vya mlo mimi navijua. Kila mlo una kicheko chake. Nilikuwa nimemwimbia mwenzangu kwamba hula peke yake, na sasa mimi ndiye niliyekuwa nafunga mlango, nakalia chungu changu, wala hakuna aliyekuja kukitamani.

Nilibakiwa na tumaini moja. Nilikuwa nimempelekea Zebedayo habari kwamba aje Jumapili baada ya sala, yeye na binti yake, aone nyumba kwa macho. Mtu akiiona nyumba ndefu vile, nilijiambia, hatauliza ng'ombe.

Jumapili ikafika. Nikaoga ziwani, nikavaa shuka jeupe. Nikakaa uani nikijipanga maneno.

Ndipo nikasikia harufu.

Nyama. Nyama ya ng'ombe, ya kuchoma na ya kuchemsha, ikitoka upande wa Mzee Anyosisye. Na vigelegele. Na sauti za watu wengi, wazee kwa watoto. Mate yakanijaa mdomoni kabla aibu haijafika. Nikajiambia: msiba? Harusi? Nikajiambia pia: nyumba yangu i hatua chache tu, labda watakumbuka kuniita.

Nikangoja kuitwa. Nawaambia kweli, nilisogeza kigoda karibu na njia ili anayekuja kuniita asipate taabu.

Hakuja mtu. Nikainuka nikaenda mwenyewe.

Ngozi ilikuwa imewambwa chini juani, upande wa manyoya ukionekana pembeni. Nyekundu. Baka jeupe. Na juu ya majani ya migomba kiliwekwa kichwa, pembe moja imeinama chini, bado inasikiliza.

Nikasogea hatua moja zaidi.

Katikati ya watu aliketi Yotamu. Hakuwa na blanketi. Kifua wazi, jasho linamtiririka, anacheka, anajifuta kwa mkono, anacheka tena. Mkewe alikuwa nyuma yake ameshika lile blanketi limekunjwa, analia kwa furaha. Mzee Anyosisye alikuwa amechukua funda la maji akalipuliza mbele yake kama baraka, na kila jirani kwa zamu yake alikuwa akisema: "Yamekwisha. Tumekula. Pona."

Nikaelewa yote kwa mara moja. Hakutaka kwenda ng'ambo. Hakutaka bei. Alitaka ng'ombe mmoja, aliye hai, upesi, kwa sababu alikuwa anakufa kwa pumzi za majirani ambao miaka yote aliyopangisha wageni hakuwaonjesha hata chumvi. Nyumba ilikuwa rahisi kwa sababu kwake ilikuwa bei ya roho.

"Yotamu!" nikaita.

Watu wakageuka. Yeye akainuka, akanijia mikono miwili mbele, kwa heshima, kama anavyopokewa mgeni.

"Mwanangu! Umeniona? Sina baridi! Nimelala kama mtoto!" Akanishika bega. Mkono wake ulikuwa wa moto. "Karibu. Sasa tuseme, katika vile vyumba, wewe unataka kupanga kipi?"

"Kupanga?"

"Sitakudai kitu. Ukae bure. Mimi si mtu wa kusahau wema."

"Nyumba ni yangu! Umeiuza!"

Akainamisha kichwa. Hakuwa na haya ya mwizi. Alikuwa na haya ya mtu aliyepona. "Niliuza nikiwa maiti, mwanangu. Maiti hajengi, hakai, anauza. Lakini tazama, nimeamka. Mtu aliyeamka atalala wapi?"

"Bibi Neli ni shahidi!"

Kumbe bibi alikuwa amenifuata. Akasema kwa nguvu, "Niliona kamba ikishikwa! Niliona!"

"Mama," Mzee Anyosisye akamjibu kwa ile sauti yake ndogo, "vyungu vyako tunavipenda. Ardhi yetu hatukukuita kuishuhudia." Kisha akanigeukia. "Kijana, sisi hatukuitwa kwenye biashara yenu. Tumeitwa kwenye nyama. Tunajua tulichoitiwa."

Alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililonichoma. Hezroni alikuwa ameniambia lilelile, juu ya kinu, na ndizi mkononi.

Mzee akachukua kipande cha nyama, kinono, akakiweka juu ya jani. Akanijia nacho.

"Tangu uje hujala na sisi," akasema. "Wala sisi hatukukuita. Tulikuwa na kinyongo na nyumba ile, si na wewe. Leo kinyongo kimekwisha. Huyu ni mtamba wa Yotamu. Kula, uwe mtu wetu."

Jani likasimama mbele ya kifua changu. Mvuke ukanipiga usoni.

Nikila, nimekiri mbele ya wote kwamba ng'ombe alikuwa wa Yotamu, nyumba ni ya Yotamu, na mimi ni mpangaji anayekaa kwa hisani. Lakini ningekula na watu. Jamani, ningekula na watu!

Nikisema, "Huyu ni ng'ombe wangu," basi walichokula kilikuwa cha udanganyifu, na ile "yamekwisha" yao yote imetenguka. Mkewe Yotamu alilijua hilo kabla yangu. Alikuwa ananitazama, ameshika blanketi kwa mikono yote miwili, anatikisa kichwa polepole: usiseme, mwanangu, usiseme.

Ndipo nikasikia nyuma yangu sauti ya kuamkia watu.

"Mmelalaje, ndugu zangu? Naona mna heri hapa."

Zebedayo. Amevaa kanzu ya kanisani, na nyuma yake Tusekile, kapu kichwani, ananitabasamia mimi peke yangu kati ya watu wote wale. Amekuja kuiona nyumba yake.

Zebedayo akaniamkia. Kisha macho yake yakashuka kwenye majani ya migomba, yakakaa juu ya kile kichwa. Alimjua yule mnyama. Alishawahi kumpapasa pembe.

"Lutengano," akasema taratibu, "ng'ombe huyu ni wa nani?"

Tabasamu la Tusekile likabaki lilipo, kama kitu kilichosahauliwa.

Mzee Anyosisye hakulishusha jani. Mimi, mtu wa maneno, mtu ambaye nyimbo zake zinaimbwa mpaka Mwaya, nilifungua mdomo na mdomo ukawa mtupu.

Nikakawia. Nikakawia zaidi. Na huko nyuma, kwenye migomba, mtu mmoja akaanza kunung'unika. Kisha wa pili. Chini kwa chini, kama maji yanayoanza kuchemka.

Jua lilikuwa utosini, jasho la Yotamu likidondoka mchangani mbele yangu. Mkono wangu ukainuka kuelekea kwenye jani, au kulisukuma, hata mimi sikujua. Niliuona tu ukitetemeka.

Nilikuwa nasikia baridi.